Penseli ya Fundi Sura

Kama duka la jirani lingekuwa na dawa ya kupuliza, haya yote yasingetokea, na Fundi Sura angeendelea kulaumu simu za watu kama ilivyokuwa kawaida yake kila baada ya chakula cha mchana. Lakini dawa ilikuwa imeisha. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Makaa kwa vile vidole vyake havikuwahi kutakata, akalazimika kwenda kuitafuta mjini. Dawa yenyewe ilikuwa ya kupuliza juu ya mchoro wa mkaa ili ule weusi ushike kwenye karatasi. Mchoro ukishapulizwa, hata uusugue kwa hasira, hautoki. Usipopulizwa, unaweza kuufuta kwa mkono wa shati.

Michoro ilikuwa sita, imetandazwa juu ya meza ndefu ya studio, na kila mmoja ulikuwa sura ya mtu wa mtaani. Chuo cha sanaa ndicho kilichoagiza hivyo: sura sita, watu wenyewe wakiwa wamekaa mbele ya mchoraji, zifike ofisini kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Chuo hakikupokea mtu aliyevuka miaka ishirini na mitano, na Makaa alikuwa ukingoni. Akikosa mwaka huu, amekosa moja kwa moja.

Tena kulikuwa na baba mkubwa. Huyu alikuwa kaka yake Fundi Sura, mtu wa sauti nene na viatu vinavyong'aa, na alikuwa amemtafutia Makaa kazi ya ukarani kwenye ghala la saruji. Bosi wa ghala alitaka kumwona Ijumaa hiyo hiyo asubuhi. Baba mkubwa hakuwa mtu wa kukataliwa hivi hivi, kwa sababu kodi ya chumba cha studio ilipokwama, yeye ndiye aliyeikwamua, na hakuiacha siku ipite bila kuwakumbusha. Alipenda kusema kwamba kuchora ni kuzuri, ila hakujazi sufuria. Makaa hakukataa kazi wala hakuikubali. Alisema tu kwamba Ijumaa ana safari, na baba mkubwa akajibu kwamba Ijumaa atapita kumchukua.

Basi Fundi Sura alibaki studio peke yake na zile sura sita.

Hiyo studio ilikuwa na siku zake. Ukutani bado liliningʼinia pazia kubwa lililochorwa bustani na ngazi za jumba ambalo hakuna aliyewahi kuishi ndani yake, na nusu ya mtaa huu imepigwa picha ikijifanya inazishuka. Kwenye msumari kulikuwa na koti moja jeusi la kuazimwa. Lilivaliwa na wanene na wembamba, na kwa mwembamba Fundi Sura alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mwisho wa mwezi foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona, watoto wakilia kwa kuvalishwa viatu vinavyobana, kina mama wakitia vidole mate na kuwapangusa nyusi. Mkewe alikaa kaunta, akiandika stakabadhi na kutuliza ugomvi wa nani alitangulia.

Lakini watu hawakuja kwa ajili ya pazia wala koti. Walikuja kwa ajili ya penseli. Fundi Sura aliichonga ikawa ndefu na kali, akaiegemeza filamu kwenye kioo karibu na dirisha, akainama, akaanza kusafisha. Aliyeingia na chunusi alitoka bila chunusi. Aliyeingia na mikunjo alirudishiwa ujana wake, na mtu mmoja aliyekatika sikio aliondoka na masikio mawili, akakaa kwenye benchi la nje akiitazama picha hadi jua likazama. Mwanamke mmoja alikuja kushukuru kwamba ile picha ndiyo iliyompatia mume. Baadaye mume mwenyewe akaja, akamtaka aliyempiga picha mkewe. Mke wa Fundi Sura akaanza kutafuta pa kujificha, kumbe bwana hakuja kwa ugomvi, alitaka na yeye apigwe.

Siku hizi simu inamsafisha mtu kabla hajamaliza kutabasamu, tena bure. Fundi Sura alibakiwa na picha za vitambulisho tu, na huko hawataki usafishaji. "Wanataka mtu kama alivyo," alikuwa akimwambia mkewe, kama mtu anayerudia tusi alilotukanwa.

Sasa aliiinamia michoro ya binti yake, na moyo ukamsinyaa. Si kwamba Makaa hakujua kuchora. Alijua mno, hapo ndipo palipomtia baba yake hofu. Muuza mboga alikuwa ametokea na kovu lake la moto, limekunjamana kutoka sikioni hadi kidevuni. Mshona viatu alitazama huku na huku kwa wakati mmoja, kama anavyotazama kweli. Bibi jirani hakuwa na meno. Mlinzi wa benki alikuwa na mifuko chini ya macho. Mpagazi wa sokoni, ambaye alifariki mvua zilipoanza, alikuwa na ule mdomo wake wa juu uliopasuka tangu ujanani, umevutwa upande kama mtu anayeanza kucheka. Na wa sita alikuwa mke wa Fundi Sura mwenyewe, amesinzia kaunta, mdomo wazi.

Fundi Sura aliwaza kuhusu wale wakubwa wa chuo. Aliwaona wamekaa kwenye meza pana, wanapokezana karatasi, wanachekea mdomo wa mkewe. Akasema moyoni, mtoto amejua kuchora ila hajajua watu. Mtu humpeleki mbele za wageni na tongotongo machoni. Akachukua kifutio, akakikata ncha kwa wembe. Alikusudia kufunga ule mdomo mmoja tu.

Mdomo ukafungika vizuri. Halafu akaona shavu limelegea, akalipandisha. Akaona shingo. Mkono uliokuwa umelala miaka mingi ukaamka, ukakumbuka njia zake zote, na yeye akaanza kupiga mluzi. Mkewe aliposikia mluzi alikuja na kikombe cha chai, maana mluzi huo hakuusikia tangu foleni ilipokatika. Akainama mezani, akajiona.

"Baba Makaa," alisema, "hapo umenirudisha."

Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walimwona Fundi Sura siku hiyo. Chai ilipoa. Kovu la muuza mboga likaondoka, macho ya mshona viatu yakakubaliana, bibi jirani akapata meno ya kutosha, na mpagazi akapewa mdomo mzima, wa kiungwana. Fundi Sura alikuwa na furaha ya kweli. Alijiambia kwamba leo amemsaidia mwanawe kwa kitu pekee anachokijua, na hata sisi tusimcheke sana, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

*

Makaa alirudi jioni na kopo la dawa mkononi, vumbi hadi magotini. Baba yake alikuwa amemngojea kama mtoto aliyefagia uwanja bila kuagizwa. Akamvuta hadi mezani.

Makaa alitazama karatasi ya kwanza, akahamia ya pili. Alizipita zote bila kugusa hata moja, kisha akarudi mwanzo.

"Baba," aliuliza, "hawa ni nani?"

"Si ni wale wale? Nimewasafisha kidogo tu."

Hakulia wala hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Aliliweka kopo la dawa mezani taratibu, akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kueleza kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mwingine. Alisema alikwenda kwa muuza mboga karibu kila alasiri, na kwa siku nyingi yule mama alimgeuzia shavu zima tu. Siku alipozoea, akasahau kama kuna mtu anamchora, akageuka mwenyewe. Hapo ndipo sura ilipoanza. Mpagazi naye alikaa kwa ajili yake akiwa ameshaanza kuumwa, akakataa malipo. Alisema hajawahi kuchorwa, anataka kuona yukoje.

"Baba yako alitaka kukusaidia," mama yake akaingilia. Alisema hivyo huku amesimama mbele ya ule mchoro wake mwenyewe, na haikujulikana anamkinga mume au anaikinga karatasi.

"Najua, mama."

"Si unaweza kurudishia? Wewe fundi bwana."

"Mkaa ukishafutwa karatasi inakufa, mama. Na hata ingekuwa hai, nitamkalisha mpagazi wapi?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na kila mmoja aliyatazama yakienda.

Kwa bahati mbaya ndipo baba mkubwa alipoingia, bila hodi kama mwenye nyumba, kuwakumbusha habari ya Ijumaa. Akaiona meza. Akavua miwani, akaivaa tena, akaenda karatasi hadi karatasi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa muda wote ambao Makaa alikuwa akichora, baba mkubwa hakuwahi kusema neno jema, na leo alikuwa nalo.

"Sasa hapa ndipo ulipochora," alisema. "Zile za mwanzo nilikuwa naogopa hata kuzitazama. Hizi hata mimi ningeweka sebuleni. Nani aliyekufundisha?"

Makaa alimtazama baba yake. Fundi Sura akaangalia kucha zake.

"Baba amenisaidia," Makaa akasema. "Baba mkubwa, Ijumaa nitakuja ghalani. Chuo nimekiacha."

Baba mkubwa akafurahi, akamwita mtu mwenye akili, akamwagiza avae nguo ya heshima na anawe vidole kwa limau. Alipotoka, Makaa alisimama, akaipulizia dawa ile michoro, akaiviringisha pamoja, akamkabidhi baba yake. Hakumkabidhi kwa ubaya.

"Wagawie wenyewe," alisema. "Watazipenda."

*

Kesho yake asubuhi Fundi Sura alitoka na michoro kwapani. Mchoro wa mkewe hakwenda nao popote, kwa kuwa mwenyewe alishaukunja na kuuweka kabatini chini ya mashuka. Alitoka akiwa mnyonge, lakini lazima niseme ukweli, mtaa haukumwacha mnyonge kwa muda mrefu.

Muuza mboga alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kupokea. Aliitazama, akajishika shavu lenye kovu, akacheka kwa aibu kama msichana, kisha akaibandika juu ya kibanda palipo wazi ili kila mteja aione. Mshona viatu alisema sasa angalau macho yake yamepatana, maana kwa miaka yote hii yanaishi nyumba moja bila kusalimiana. Bibi jirani aliuliza kama ameongezewa pia kimo. Mlinzi wa benki aliikunja akaitia kofiani. Watu wakamwita "fundi" kama zamani, wakamkumbusha picha za ndoa zao na za watoto wao, na mmoja akasema afadhali siku zile ulikuwa unangoja picha yako wiki nzima na hamu yako. Fundi Sura akaanza kutembea kifua mbele. Aliwaza kwamba Makaa atatulia, vijana hutulia. Mbona wenyewe wamefurahi?

Akabakiwa na mmoja. Mjane wa mpagazi alikaa nyuma ya soko, kwenye chumba kimoja chenye mlango wa bati. Alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Fundi Sura alimpa pole upya, kisha akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Mjane aliifungua magotini. Aliitazama muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo Fundi Sura hakulitegemea. Alinyoosha kiganja chake, akafunika nusu ya chini ya ile sura, pua kwenda chini, akabakisha macho na paji la uso.

"Hapa ni yeye," alisema.

Akaondoa kiganja.

"Huku chini simjui."

Fundi Sura akainamia viatu vyake. Mjane akaona kwamba mgeni wake ametahayari, akawahi kumtoa aibu. Akasema picha ni nzuri, anashukuru, ataitunza. Akaeleza kwamba siku moja alipita studio mlango ukiwa wazi, akaiona meza, akamwona mumewe amelala pale na ule mdomo wake, kama aliyetaka kumtania. Alilia njia nzima hadi nyumbani, ila kilio kile kilimpunguzia uchungu. Tangu siku hiyo alikuwa akiomba kwamba chuo kikishamaliza kuitazama, apewe yeye.

"Na picha nyingine huna?" Fundi Sura aliuliza, ingawa alipokuwa akiuliza alishaanza kuogopa jibu.

"Ninayo ya harusi," alisema mjane, akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Si ulitupiga wewe?"

Kweli, alikuwa amewapiga yeye. Bibi harusi alisimama kwenye ngazi za bustani, bwana harusi kando yake katika koti jeusi lililobanwa kwa nyuma, na mdomo wake wa juu ulikuwa mzima, laini, bila hata mshono. Fundi Sura aliikumbuka ile kazi. Ilimchukua mchana mzima, naye aliringa nayo sana, akamwonyesha kila mteja aliyeingia wiki ile.

"Wote wawili ni wazuri," alisema mjane taratibu. "Basi tu, hakuna hata mmoja niliyeishi naye."

Fundi Sura hakumaliza kinywaji alichowekewa. Alirudi kwa njia ya uchochoroni ili asikutane na watu wa kumsifu.

*

Alimkuta Makaa uani akisugua vidole kwa limau kama alivyoagizwa, mkono mmoja umeshatakata, mwingine bado. Fundi Sura alisimama mbele yake, akakosa pa kuanzia. Mwisho alisema tu kwamba ametoka kwa mjane wa mpagazi.

"Amefurahi?"

"Hapana." Akavuta pumzi. "Mwanangu, acha hilo limau. Nichore mimi."

Makaa akatabasamu kwa huruma, akasema chuo kinataka sura sita, na kesho adhuhuri si mbali.

"Hawakusema watu sita. Ulinisomea wewe mwenyewe. Walisema sura sita. Nitakaa mara sita."

Hapo Makaa akaliacha limau.

Alimkalisha studio, chini ya dirisha, kwenye kiti ambacho wateja walikalia zamani. Na Fundi Sura, kabla mkaa haujagusa karatasi, alikuwa ameshanyoosha shingo, ameinua kidevu na kugeuza bega kidogo, macho yakitazama mbali kama anayeona mafanikio yanakuja barabarani. Ndivyo alivyowaweka watu maisha yake yote. Makaa alichora kidogo, akaichana karatasi.

"Baba, hapa si studio. Kaa kama unavyokaa."

Akasema ndivyo anavyokaa. Wakaanza tena, na tena kidevu kikapanda. Hawezi kulaumiwa, hakuna kazi ngumu kama kukaa na uso wako mwenyewe mbele ya mtu anayeutazama kweli. Karatasi ya pili nayo ikaenda chini. Mama akaja, akasimama mlangoni, na kuona mumewe ameketi kwenye kiti cha wateja kukamfanya asahau alichokijia. Akaenda akakaa nyuma ya kaunta, mahali pake pa zamani, ingawa hapakuwa na stakabadhi ya kuandika.

Ndipo Fundi Sura akaanza kuzungumza, na mazungumzo yakamsahaulisha kidevu. Akakumbuka foleni. Akamkumbuka yule mwenye sikio moja. Mkewe akamkumbusha mapacha ambao alimpiga picha mmoja tu na kuiuza mara mbili, wote watatu wakacheka. Akakumbuka Makaa alivyokuwa mdogo, akikaa chini ya meza hii na kuchora sakafuni kwa vipande vya mkaa alivyoiba jikoni, na yeye alivyokuwa akifuta kila jioni kwa kitambaa chenye maji ili sakafu ipendeze kwa wateja.

"Nimekufutia tangu zamani," alisema.

Makaa aliendelea kuchora.

"Nitakuambia kitu," baba yake akaendelea baada ya muda. "Jana nilipokuwa naharibu kazi yako, nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu watu walipoacha kuja."

"Najua, baba. Niliona."

"Uliona wapi? Hukuwepo."

"Kwenye mistari. Mkono ulikuwa unacheza." Aliinua macho kidogo, akayashusha. "Ndiyo maana nilishindwa kukasirika vizuri."

Uso wa Fundi Sura ukalegea wenyewe, kila kitu kikashuka kikakaa mahali ulipokiweka umri, na Makaa akaukamata hapo hapo, haraka, kama mtu anayeokota shanga kabla hazijatawanyika. Hiyo ikawa ya kwanza.

Alichora hadi mwanga wa dirisha ukaisha, na kulipokucha wakaanza tena. Alimchora akicheka na mkewe. Alimchora akisinzia, akiwa na njaa, akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichopasuka. Mara moja tu mazoea yalimshinda Fundi Sura, akasema, "Ukifika hapa mashavuni," kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Makaa akamchora hivyo hivyo, mkono mdomoni. Ya sita ilikuwa haijakamilika baba mkubwa alipoingia, amevaa tai.

*

Alimkuta mfanyakazi wake mtarajiwa ana weusi hadi kwenye viwiko. Akauliza hiki ni kitu gani, na bosi anangoja. Kabla Makaa hajafungua mdomo, baba yake aliinuka kitini.

"Kaka, hatakwenda. Anakwenda chuoni."

"Juzi si alisema mwenyewe?"

"Alisema kwa ajili yangu. Leo nasema mimi kwa ajili yake."

Baba mkubwa akamtazama mdogo wake kama aliyemsikia mtoto akiita kikao. Akauliza, kwa upole wa kuchoma, kama na kodi ya mwezi huu itaandikwa kwa mkaa. Mama akainama. Fundi Sura akasema kodi ataijibu yeye, na kama chumba ni kikubwa kuliko uwezo wake, atakikata nusu. Haikuwa rahisi kusema hivyo mbele ya mke na mwana, lakini alisema.

Baba mkubwa akageuka aondoke, na hapo macho yake yakaangukia mezani. Akasogea. Akainua ile aliyochorwa Fundi Sura akiwa amelegea, anasikiliza.

"Hivi wewe," aliuliza, na sauti yake nene ikapungua, "umezeeka lini hivi?"

"Hapa hapa, kaka. Watu wakiingia na kutoka."

Baba mkubwa akairudisha karatasi mahali pake, akainyoosha kona iliyojikunja, akaondoka bila kwaheri. Kazi ya ghalani akapewa mtoto wa mtu mwingine, na kodi hakuisaidia tena. Makaa alipuliza dawa, akazifunga zile karatasi ndani ya shuka, akakimbia. Alifika chuoni adhuhuri inakaribia. Mama aliyepokea kazi alizipekua, akasema mbona zote ni mtu mmoja. Makaa akamwomba atazame tena. Yule mama akatazama tena, akavuta kiti, akakaa.

*

Jibu lilichelewa hadi wakakata tamaa, kisha likaja, nalo lilikuwa jema. Wakati huo studio ilikuwa imeshakatwa nusu kwa mbao. Upande wa pili alikaa kijana wa kutengeneza simu, na pazia la bustani lilikunjwa kwa kuwa halikuwa na pa kutandazwa. Fundi Sura aliliaga kwa uchungu. Siku ile hakula.

Siku ya Makaa kuondoka, mama yake alitaka picha. Wakamsimamisha mbele ya ukuta mtupu, begi miguuni. Alikuwa amelia tangu asubuhi na alikuwa bado hajamaliza, macho yamemvimba, pua inang'aa, nywele zimetimka upande mmoja kwa kukumbatiwa. Fundi Sura hakumwambia ainue kidevu. Akabonyeza mara moja. Wakamsindikiza hadi kituoni, gari likaondoka, wakarudi nyumbani kila mmoja akijifanya ana kitu cha kutazama upande mwingine.

Picha ilipotoka kwenye mashine mama aliipokea, akaisogeza dirishani, akasikitika.

"Maskini, alivyovimba macho. Hebu mrekebishe, baba Makaa, tumtie fremu."

Fundi Sura akachukua penseli, akainama, akaitazama sura ya mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akaiweka penseli chini.

"Mwache," alisema. "Ndivyo alivyotuaga."